Maswali ya Wasomaji: Kumuuliza Mgonjwa Habari za Pombe na Dawa za Kulevya

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, chache kwa wagonjwa na jamaa zao. Zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Namuuliza kila mgonjwa, "Unakunywa pombe?" Wengi hujibu hapana, au "kidogo tu". Baadaye mtu yuleyule analetwa akitapika damu. Niulizeje? (Muuguzi, wagonjwa wa nje)

Swali lako lina majibu mawili tu, na mgonjwa anajua lipi litampendeza mhudumu. "Kidogo" nayo haina kipimo: kwa mmoja ni glasi moja siku ya harusi, kwa mwingine ni chupa nne kila jioni kwa sababu rafiki zake hunywa nane.

Uliza mara ngapi na kiasi gani. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10. Matatu ya mwanzo, yanayoitwa AUDIT-C, yanatosha kuchuja, yaani kutambua nani wa kuchunguzwa zaidi, nayo huchukua dakika moja hivi.

La kwanza: Hunywa kinywaji chenye kilevi mara ngapi? Kamwe ni alama 0. Mara moja kwa mwezi au pungufu, 1. Mara 2 hadi 4 kwa mwezi, 2. Mara 2 hadi 3 kwa wiki, 3. Mara 4 au zaidi kwa wiki, 4.

La pili: Siku unayokunywa, kwa kawaida hunywa vipimo vingapi? 1 au 2 ni alama 0. 3 au 4, 1. 5 au 6, 2. 7 hadi 9, 3. 10 na kuendelea, 4.

La tatu: Ni mara ngapi hunywa vipimo 6 au zaidi kwa mkupuo mmoja? Kamwe, 0, chini ya mara moja kwa mwezi, 1, kila mwezi, 2, kila wiki, 3, kila siku au karibu kila siku, 4.

Jumla ni kati ya 0 na 12. Mwanamume mwenye 4 au zaidi, na mwanamke mwenye 3 au zaidi, anahitaji kuulizwa zaidi. Mtu anayekunywa mara 2 hadi 3 kwa wiki, vipimo 5 au 6 kila anapokunywa, na kila wiki akafikisha 6 au zaidi kwa mkupuo mmoja, ana 3 + 2 + 3, yaani 8. Huyo angekujibu "kidogo tu" bila kujiona amedanganya. Ila alama zote zikitoka swali la kwanza peke yake, kama mwanamke anayekunywa kipimo kimoja karibu kila siku, mhoji vizuri kiasi chake kabla ya kusema ana tatizo.

Utangulizi nao una kazi yake. Sema: "Maswali haya tunamuuliza kila anayekuja hapa, kwa sababu pombe huingiliana na dawa na magonjwa mengi." Kisha soma swali kama lilivyoandikwa. Anayeuliza "Hunywi pombe, sivyo?" ameshamjibia mgonjwa. Kosa jingine tunaloliona sana ni kujaza 0 bila kuuliza, kwa sababu aliyekaa mbele yako ni bibi mzee au mtu anayejulikana kwa ucha Mungu. Ukianza kuchagua wa kumuuliza, wale unaowauliza watahisi wametuhumiwa, na usiowauliza watakupita na ugonjwa wao.

Hivyo "vipimo" ni nini hasa? Wagonjwa wangu husema chupa, glasi, au "ile ndogo". (Tabibu wa zahanati)

Hapa ndipo dodoso huharibika kuliko mahali pengine popote. Kipimo kimoja katika mwongozo wa AUDIT ni gramu 10 za kilevi halisi. Nchi hutofautiana: Marekani huhesabu gramu 14, Uingereza gramu 8. Angalia dodoso lako limetungwa kwa kipimo kipi.

Hesabu yake ni hii: mililita za kinywaji, mara asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, halafu zidisha kwa 0.79, ambao ni uzito wa mililita moja ya kilevi kwa gramu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi, karibu gramu 20. Hivyo ni vipimo 2, si kimoja. Mvinyo wa mililita 150 wenye asilimia 12 una gramu 14, karibu kipimo kimoja na nusu. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina gramu 79, karibu vipimo 8. Ile kubwa ya mililita 750 inakaribia 24.

Sasa mchukue mtu aliyesema "bia tatu". Ukiandika 3 unampa alama 1 kwenye swali la pili. Bia hizo zikiwa za mililita 500, amekunywa vipimo 6: alama yake ni 2, na swali la tatu nalo limebadilika. Anayehesabu chupa badala ya vipimo huwapoteza hasa wale wa katikati, ambao ushauri ungewasaidia zaidi.

Bandika ukutani picha za vyombo ambavyo wagonjwa wako hutumia kweli, kila kimoja na idadi ya vipimo chini yake. Mgonjwa aonyeshe kwa kidole, wewe uhesabu. Kwa pombe ya kutengenezwa nyumbani isiyo na lebo, ukali hubadilika kati ya pipa na pipa. Kadiria, andika kwamba ni makadirio, na uyape uzito mkubwa zaidi maswali ya madhara yanayokuja baadaye.

Foleni yetu ni ndefu na daktari ni mmoja. Nani atafanya kazi hiyo, na wapi? (Msimamizi wa kituo cha afya)

Si lazima awe daktari. Anayepima presha na uzito anaweza kuuliza AUDIT-C na kuandika alama kwenye kadi, daktari akaikuta imeandikwa kama anavyokuta presha. Mgonjwa anayejua kusoma anaweza kujaza mwenyewe akisubiri, na wengine husema ukweli zaidi kwa karatasi kuliko kwa mdomo.

Muda ukibana kabisa, kuna swali moja la kuchuja: "Katika mwaka uliopita, ni siku ngapi umekunywa vipimo 5 au zaidi kwa siku moja?" Kwa mwanamke sema 4. Jibu lolote kuanzia siku moja linatosha kuendelea na dodoso refu. Ila kumbuka swali hilo limetungwa kwa kipimo cha gramu 14, kwa hiyo usilichanganye na picha za gramu 10 zilizo ukutani.

Kinachoua zoezi hili ni mahali. Maswali yakiulizwa kwenye benchi la mapokezi, jirani akisikia, utapata sifuri tupu na takwimu za kupendeza zisizo na maana. Kona yenye pazia inatosha. Jamaa aliyemsindikiza mgonjwa aombwe kusubiri nje, kwa upole, na iwe kanuni ya kila mtu. Aliyekuja amelewa usimjazie siku hiyo. Mtibu kilichomleta na umpangie siku nyingine.

Mgonjwa wangu wa presha amepata alama 17 kwenye AUDIT nzima. Nimwambie nini? Naogopa kumkera. (Afisa tabibu)

Alama hugawanywa hivi: 0 hadi 7, hatari ndogo, 8 hadi 15, ushauri wa kawaida wa kupunguza, 16 hadi 19, ushauri mfupi na kufuatiliwa, 20 hadi 40, apelekwe kwa mwenye ujuzi wa kutathmini utegemezi, yaani hali ya kushindwa kukaa bila pombe. Wako yuko kundi la tatu. Kabla hujasema lolote, angalia alama hizo zimetoka wapi. Maswali ya 4 hadi 6 huuliza kama mtu anashindwa kuacha akishaanza, anashindwa majukumu yake, na kama anahitaji kinywaji asubuhi ili mwili utulie. Alama hapo, hasa za kila wiki au kila siku, huashiria utegemezi hata jumla ikiwa chini ya 20. La 7 hadi la 10 ni madhara: kujuta, kusahau yaliyotokea, kuumia au kuumiza mtu, na jamaa au daktari kumsihi apunguze.

Ushauri mfupi huchukua dakika 5 hadi 15, na huanza kwa kuomba ruhusa. "Mzee, naomba tuzungumze kidogo juu ya majibu uliyonipa." Akikubali, mpe matokeo bila kumpamba wala kumtisha: "Dodoso hili huishia 40. Wewe una 17. Kwa kiwango hiki pombe huwa imeshaanza kuumiza mwili, na presha ni mojawapo ya inavyoanza. Wewe unalionaje?" Kisha nyamaza, umwache azungumze. Wahudumu wengi huharibu hapa: mgonjwa akikaa kimya kidogo tu, wanaanza hotuba juu ya ini, familia na dhambi, na yeye anaanza kutafuta mlango.

Muulize anapata nini katika kunywa. Ndiyo, anapata kitu: usingizi, marafiki, kusahau. Halafu muulize pombe inamgharimu nini. Akitaja mwenyewe kwamba vidonge vya presha havifanyi kazi na kwamba hugombana nyumbani, maneno hayo yatambana kuliko yako. Mwulize kwa kiwango cha 0 hadi 10, kupunguza kuna umuhimu gani kwake, na anaamini kiasi gani kwamba anaweza. Akisema 4, usimuulize "mbona si 8?" Muulize "kwa nini 4 na si 1?" Atakutajia sababu zake mwenyewe za kubadilika.

Malizieni na lengo analoweza kulihesabu: siku tatu kwa wiki bila kinywaji, vipimo visivyozidi viwili siku nyingine, asinywe kabla ya kula, asiende na fedha zote mfukoni. Liandike kwenye kadi yake na umpe tarehe ya kurudi, wiki mbili hadi nne. Siku hiyo mpime presha na umuulize tena maswali matatu. Mgonjwa aliyepunguza nusu amepiga hatua kubwa, na umwambie hivyo.

Wapo ambao kupunguza hakutoshi: mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, na mwenye utegemezi. Aliye kwenye dawa zinazogongana na pombe naye ajulishwe mapema. Isoniazidi ya kifua kikuu pamoja na pombe huongeza hatari kwa ini, na dawa za usingizi pamoja na pombe huweza kuzima pumzi.

Kaka yangu aliambiwa kliniki aache pombe siku hiyohiyo. Alitii. Kesho yake alianza kutetemeka, siku ya pili akapata degedege, ya tatu akawa anaona wadudu ukutani. Tulidhani amerogwa. Ni nini kilitokea? (Dada wa mgonjwa)

Pole sana, dada. Kilichotokea kinajulikana na kina matibabu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku hujirekebisha ili kuishinda ile nguvu yake ya kutuliza ubongo. Pombe ikiondolewa ghafla, ubongo unabaki umechochewa kupita kiasi. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege mara nyingi huja ndani ya saa 48. Kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, pamoja na homa na mapigo ya kasi, huja kati ya saa 48 na 96. Hiyo hatua ya mwisho huua isipotibiwa.

Ndiyo maana tunasisitiza kwa wahudumu: mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, au aliyewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa alipoacha, asiambiwe "acha leo" kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani. Apelekwe hospitali. Hivyo hivyo aliye mjamzito, mwenye ugonjwa mwingine mzito, au asiye na mtu wa kumwangalia nyumbani. Huko atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, au dawa ya jamii yake, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi. Atapewa pia thiamini, yaani vitamini B1, na kwa mwenye dalili za upungufu itangulie dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa vitamini hiyo inaweza kumharibu ubongo.

Kaka yako akirudia kunywa kisha akataka kuacha tena, asiache peke yake. Awamu inayofuata mara nyingi huwa kali kuliko iliyopita. Mwambieni daktari wazi kwamba ameshapata degedege.

Kwa dawa za kulevya nitumie dodoso gani? Na vidonge vya hospitali vinaingia? (Muuguzi)

Vinaingia, na mara nyingi ndivyo vinavyosahaulika. Mtu anayemeza dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini, au diazepamu, bila kuandikiwa, au kwa wingi kuliko alivyoandikiwa, hatajibu "ndiyo" ukimuuliza kama anatumia dawa za kulevya. Kwake hizo ni dawa tu. Swali moja la kuchuja linasema: "Mwaka uliopita, ni mara ngapi umetumia dawa zisizo halali, au dawa za hospitali kwa sababu isiyo ya matibabu?" Hata mara moja inatosha kuendelea. Ongeza mfano: "yaani kwa ajili ya stimu, au kujisikia tofauti."

Dodoso refu ni ASSIST, nalo pia la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 8 na kila kilevi hupata alama zake: tumbaku, pombe, bangi, kokeini, dawa za kuchangamsha za jamii ya amfetamini, gundi na vivutwa vingine, dawa za usingizi, dawa za kuonesha maono, na heroini na jamii yake. Hujumlishwa swali la 2 hadi la 7. Kwa pombe, 0 hadi 10 ni hatari ndogo, na kwa vingine vyote ni 0 hadi 3. Kuanzia hapo mpaka 26 ni hatari ya wastani, na 27 kwenda juu ni kubwa.

Tuseme kijana anavuta bangi kila wiki (4), hupata hamu kali kila mwezi (4), hajapata matatizo wala kushindwa kazi (0 na 0), mama yake amelalamika ndani ya miezi mitatu (6), na hajawahi kujaribu kupunguza akashindwa (0). Ana 14, ushauri mfupi unamhusu. Angalizo: alama 6 za malalamiko ya mama ndizo zilizopandisha jumla zaidi, kwa hiyo zungumzeni hicho hasa kilichomsikitisha mama.

Swali la 8 ni la kujidunga sindano. Halijumlishwi, lakini ndilo la kuangalia kwanza. Aliyejidunga zaidi ya mara moja kwa wiki, au siku tatu au zaidi mfululizo, ndani ya miezi mitatu iliyopita, apewe rufaa hata alama zake zikiwa ndogo. Mpe kipimo cha VVU na homa ya ini aina ya B na C, na umweleze zinapopatikana sindano safi. Anayetumia heroini, na watu anaoishi nao, waelezwe juu ya naloksoni, dawa inayorudisha pumzi mtu akizidisha. Aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia ndiye aliye hatarini zaidi akirudia kipimo chake cha zamani, kwa sababu mwili umeshasahau kukistahimili. Na mjamzito anayetumia heroini asikatishwe ghafla. Methadoni au buprenofini, dawa zinazotolewa badala ya heroini, ni salama zaidi kwake na kwa mtoto.

Tusidanganyane: kwa pombe, ushauri mfupi umethibitishwa vizuri kwa wanaokunywa vibaya bila utegemezi. Kwa dawa za kulevya ushahidi ni dhaifu zaidi. Kwa hiyo usianze kuchuja dawa za kulevya kabla hujajua utampeleka wapi atakayeonekana ana shida.

Si rahisi zaidi kupima mkojo na damu? (Mtaalamu wa maabara)

Si kwa kuchuja. GGT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, hupanda kwa mafuta kwenye ini na kwa baadhi ya dawa, na wanywaji wengi wa kupindukia wana GGT ya kawaida. MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu za damu, huchukua miezi kurudi chini. Vipimo hivi vinafaa zaidi kufuatilia mtu aliyekwishajulikana.

Mkojo huonyesha siku chache tu: heroini siku 2 au 3, kokeini siku 2 hadi 4, bangi hadi wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku. Haukuambii kiasi wala utegemezi. Halafu kuna majibu ya uongo. Rifampisini ya kifua kikuu inaweza kuonyesha afyuni (jamii ya heroini) isiyokuwepo, efavirenzi ya VVU inaweza kuonyesha bangi, na kipimo cha kawaida cha afyuni hakioni tramadoli wala fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu. Ukimhukumu mgonjwa wa kifua kikuu kwa kistari kimoja kwenye kipimo cha haraka, umempoteza. Jibu lenye utata lithibitishwe maabara kubwa, na mkojo usipimwe kwa siri bila ridhaa.

Nikisema ukweli, mwajiri wangu atajua? (Mgonjwa)

Muulize mhudumu kabla ya kujibu: "Haya yanaandikwa wapi, na nani atayasoma?" Ana wajibu wa kukueleza, pamoja na hali ambazo sheria humlazimu kutoa taarifa. Una haki ya kukataa swali lolote na bado utibiwe. Ila mwambie ukweli anayekupa dawa za usingizi, ganzi au maumivu, kwa sababu hapo kuficha kunaweza kukuua.

Na vijana, na wajawazito? (Mkunga)

Mjamzito aulizwe mapema iwezekanavyo, na tena kila hudhurio. Anza na kabla ya mimba: "Kabla hujajua una mimba, ulikuwa unakunywa mara ngapi?" Hilo ni rahisi kujibu kuliko la sasa, na linakuonyesha nani wa kumfuatilia. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa vijana wa miaka 12 hadi 21 kuna CRAFFT. Maswali yake sita yanahusu kupanda gari linaloendeshwa na aliyelewa, kutumia ili kujituliza, kutumia akiwa peke yake, kusahau aliyoyafanya, kuambiwa na jamaa au marafiki apunguze, na kuingia matatani. "Ndiyo" mbili au zaidi zinahitaji tathmini. Mzazi atoke kwanza, na kabla hajatoka waeleze wote wawili kwa pamoja kipi kitabaki siri na kipi hakitabaki, kwa mfano kijana akiwa katika hatari ya kufa. Kijana aliyejibu "ndiyo" kwa lile la gari usimwachie aondoke kabla hamjapanga atampigia nani simu usiku huo akikwama.